Niliwatunza mno ndama wa Mayu Minza

Wakuu, heshima kwenu. Hili sijawahi kumsimulia mtu, na sitajipamba.

Miaka ile biashara ilipoachiwa huria, josho la kijiji la kuogeshea ng'ombe huko Shishiyu lilikauka. Dawa ya kupe ikawa ya kununua dukani Bariadi, kila mtu kivyake.

Mimi shule niliishia darasa la tano, nikawa mtu wa kuzurura na bomba langu la kupulizia pamba. Mjane mmoja, Mayu Minza, yaani Mama Minza kwa Kisukuma, akanipa chumba na chakula ili nimpulizie ng'ombe wake. Marehemu mumewe alimwachia wawili tu, tena wa makamo.

Wakazaa ndama watatu, wote majike. Nilipuliza kila wiki. Kupe hata wa dawa hukuti sikioni.

Jirani yetu Masanja alipuliza wakubwa tu. Ndama wake waliugua, wakapona, wakabaki na manyoya ya hovyo.

"Masanja bwana, hao kupe nao unawafuga?" nikamtania.

"Waache wazoeane wangali wadogo. Wako ni watoto wa mjini hao."

Tukacheka. Mimi ninayeuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza wanazoeana vipi.

Mwaka wa tatu nikasikia habari za dhahabu Geita. Bomba lilikuwa langu, nikaondoka nalo.

"Na mitamba yangu?" Mayu akauliza, maana wale ndama walikuwa wameshakua.

"Wana afya hao, Mayu. Hawana shida."

Nilirudi baada ya mavuno mawili. Zizini nikawakuta wale ng'ombe wazee wawili tu, wamekoma kuzaa. Mitamba yote mitatu ilikufa kwa ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, msimu mmoja wa mvua.

Ya Masanja ilikula majani yaleyale, yenye kupe walewale. Mizima.

Baadaye bwana mifugo mmoja alinieleza: ng'ombe wetu wa asili akiumwa na kupe wachache tangu udogoni, mwili unauzoea ugonjwa taratibu. Wangu niliwazuia wasizoee, kisha nikawaacha ghafla.

Mayu hakunigombeza. Alinipa kikombe cha maziwa, nikamaliza chote, ndipo nikauliza yametoka wapi.

"Kwa Masanja. Huwa ananipa ya wajukuu wangu."

Nilichojifunza: dawa si mbaya, ila ukimzoesha kiumbe mkono wako, usiuondoe kwa siku moja.

Wafugaji wa humu, kuna aliyewahi kuua kwa kutunza? Semeni. Na kunisema mimi, ruksa.