Jino Nililomrushia Mama Moraa

Nilikuwa bado mtoto wa kung'oka meno nilipomwombea jirani yetu mabaya, na mabaya yakaja.

Jirani huyo ni Mama Moraa. Shamba lake la chai na letu, huku kwetu karibu na Ikonge, yalitenganishwa na ua wa miti tu. Ndama wake alikufa siku mbili baada ya Magokoro, bibi yangu aliyenilea, kumsifu kuwa ni mzuri. Basi tulipokuwa kwenye foleni ya kupima chai, Mama Moraa akasukuma kikapu chake mbali na chetu, akasema ili wote wasikie:

"Nyanya, macho yako hayo yaache nyumbani kwako."

Akina mama wengine nao wakasogeza vikapu vyao, kimoja kimoja. Kwetu neno la namna hiyo, la kumshuku mtu uchawi, limewahi kuchoma nyumba, na mtu ndani. Magokoro alitazama majani yake mabichi mpaka yakapimwa.

Jioni hiyo jino langu la mbele lilitoka. Magokoro alikuwa amenifundisha kulirusha juu ya mabati na kuomba jipya. Nilirusha, lakini sikuomba jino. Nilinong'ona: mvua ya mawe, shuka kwa Mama Moraa, usimwachie jani.

Siku ya tatu ikashuka. Ilipiga chai yake ikabaki vijiti, ikafika kwenye ua, ikakoma. Nilicheza kando ya ua peke yangu, nikiokota yale mawe ya barafu na kuyala. Sijapata kula kitu kitamu kama kile.

Asubuhi Mama Moraa alisimama mlangoni petu na wanawe wawili, vijana wenye nguvu.

"Nieleze, nyanya," alisema. "Mawe yalijuaje mpaka?"

Utamu wote ukanitoka mdomoni. Nilikuwa nimempa ushahidi aliokuwa akiutafuta. Nikajipenyeza mbele ya Magokoro.

"Ni mimi. Nilirusha jino."

Kijana mmoja akatazama pengo langu. Akapitisha mkono kwenye mfereji wa paa, akatoa majani makavu, tope, na jino.

"Haya," Magokoro akasema. "Lichomeni."

Kijana akaangua kicheko. Nduguye naye akacheka. Mama Moraa hakucheka, lakini nani atachoma nyumba huku wanawe wanacheka? Akageuka, akaenda zake.

Magokoro aliishi miaka mingi baadaye. Kwenye kituo cha chai alisimama mwisho wa foleni, peke yake, mpaka alipokufa. Mama Moraa hakumwomba radhi. Chai yake ilichipua upya.

Juzi binti yangu wa miaka sita aliniletea jino kiganjani.

"Mama, niombe nini?"

Nikamsimulia yote. Akafikiri.

"Yule mama bado yuko?"

"Yuko."

"Nimrushie?"

Nilikawia kujibu kuliko inavyompasa mzazi. Mwishowe nikamwambia aombe jino tu, kwa sababu mabaya tunayoyaomba huweza kumwangukia tunayempenda. Akarusha, akakimbia kucheza.

Siamini tena kwamba jino huita mvua. Lakini mawingu meusi yakikusanyika juu ya Ikonge, mimi hutazama kwanza shamba la Mama Moraa.