Kipimo Ambacho Maabara Yangu Haina

Nilirudi Malaba, mji wa mpakani, na masanduku mawili, diploma moja ya maabara na miaka mingi ya kazi katika hospitali kubwa ya nchi ya baridi. Sikurithi shamba wala duka. Leo nina maabara yangu mwenyewe kando ya barabara ya malori, na nyumba ya mawe yenye sebule inayoketisha wageni ishirini bila kuazima kiti kanisani. Watu huniita daktari. Mwanzoni niliwasahihisha, kisha nikaona ninapoteza muda.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini kikao cha posa ya mpwa wangu kilifanyika kwangu, na kwa nini swali gumu kuliko yote nililijibu mimi.

Mama yake mpwa huyo ni dada yangu mkubwa. Alimlea binti peke yake nyumbani kwetu, hivyo siku ya posa mimi mjomba ndiye niliyekalia kiti cha baba. Dada ana ugonjwa unaoitwa MS. Ulianza kwa jicho moja kufifia, ukaja na ganzi miguuni, halafu akawa anatembea kwa kuyumba. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema anakunywa. Mimi ndiye niliyempeleka kupigwa picha ya ubongo, na mimi ndiye niliyewaeleza nyumbani kwamba askari wa mwili wake wamegeukia ganda linalofunika neva, kama panya anavyotafuna plastiki ya waya wa umeme. Waya upo, lakini ujumbe unafika umekatikakatika.

Ugonjwa huo niliujua kabla haujamfikia. Kule ng'ambo nilitenganisha seli nyeupe kutoka kwenye damu ya watu wenye MS, watafiti wa ghorofa ya juu wakazisoma jeni zao. Wenzangu walipeleka chupa na kurudi. Mimi nilibaki kuuliza maswali mpaka wakawa wananiwekea kikombe cha chai.

Huku kwetu, kabla mahari haijatajwa, upande wa mvulana huchunguza ukoo. Huuliza majirani kama kuna kifafa, wazimu au uchawi. Wakikuta kitu, huaga kwa adabu na hawarudi. Kwa sababu hiyo wanawake wa kwetu walitaka dada apelekwe kwa jamaa zetu Kocholia siku ya wageni.

"Akae huko mpaka waondoke," walisema.

Nilikataa. Dada yangu hafichwi nikiwa hai. Yeye mwenyewe alicheka. "Nisipokuwepo nani atawapungia wageni? Mkono wangu unatikisika hata bila kuombwa."

Wageni walikuja Jumamosi. Kuku alikuwa mezani, amefunikwa. Msemaji wao alikuwa shangazi ya mvulana, mama mnene anayenunua samaki ziwani Osieko na kuwauza sokoni Malaba. Maji ya kunawa yalipoletwa, aliirudisha mikono yake mapajani, na wenzake wote wakafanya vivyo hivyo. Mgeni asiyenawa hajakubali kitu. Mpwa wangu, aliyesimama karibu na mlango wa jikoni, aliliona hilo kabla yangu. Alikuwa anampenda kijana yule kwa miaka, na kila mtu sebuleni alilijua.

"Daktari," shangazi alisema, "tunawaheshimu, ndiyo maana tunauliza mbele yenu, si nyuma. Huu ugonjwa wa mama ya msichana, uko kwa damu ama hauko?"

"Uko," nikasema. "Lakini si vile unavyofikiria, mama."

Niligeuka kwa mjomba wa mvulana, mzee aliyeendesha lori kati ya Mombasa na Kampala mpaka magoti yakakataa. "Mzee, mizigo inayofika Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwa siku inategemea nini?"

"Inategemea wale wa lango la mpaka," alijibu. "Unaweza kuwa na shehena safi kabisa, na ulale kwa foleni mpaka ndevu ziote."

"Basi jeni ni mizigo. Ya dada yangu mingi ni sawa na yako. Tofauti kubwa iko langoni. Kando ya jeni kuna vipande vya DNA ambavyo kazi yao ni kuamua jeni ile isomwe kwa kiasi gani, na katika seli ipi. Herufi moja ikibadilika pale, lango linafunguka kidogo zaidi, au linabana. Seli za ini hazilijali lango hilo. Seli za kinga, wale askari wa mwili, ndizo zinazolisikia. Herufi moja peke yake haimlazi mtu. Lakini malango mengi yakilegea pamoja, halafu mtu akakutana na kirusi fulani, au moshi wa sigara, au maisha ya jua kidogo, askari wa mwili wanaweza kukosea adui. Hata hapo, wengi hawaugui."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Foleni ya Malaba alikuwa ameilala mwenyewe.

"Hayo malango yaliyolegea," shangazi akauliza, "yametoka kwa mama ama kwa baba?"

"Pande zote. Na kwenu yapo."

"Kwetu?"

"Kwenu, kwangu, kwa mhubiri. Hakuna ukoo usio na lango lililolegea. Tunazidiana tu idadi na mpangilio."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Tumekuja kuchunguza, sasa ni sisi tumechunguzwa."

Shangazi hakucheka. "Sawa. Una maabara. Mpime msichana. Ukiandika kwamba yuko safi, tunanawa saa hii."

Binamu yangu aliyekaa nyuma alininong'oneza, "Andika tu, kaka. Muhuri si ni wako?"

Ulikuwa wangu. Karatasi moja, na harusi ingekuwepo. Mpwa wangu alinitazama bila kupepesa.

"Kipimo hicho sina," nikamwambia shangazi. "Na kama mimi sina, ujue hata nilikotoka hakipo. Wanaweza kusoma herufi hizo zote, na bado hawawezi kumwambia mtu mmoja kwamba wewe utaugua na wewe hutaugua. Mtoto wa mama mwenye ugonjwa huu ana hatari kubwa kuliko mtoto wa jirani, lakini bado ni ndogo. Watoto wengi wa namna hiyo hawaupati kabisa. Hilo ndilo jibu, siandiki lingine. Muhuri wangu haujasema uongo Malaba hii, na hautaanzia kwa mpwa wangu."

Nje malori yalipiga honi.

"Waganga wote niliowaona wanajua kila kitu," shangazi alisema mwishowe. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui."

"Sijasema sijui, mama. Nimesema hakuna anayejua. Hayo ni mambo mawili."

Hapo akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Dada yangu hakungoja. Alishika meza, akasimama, akachukua jagi la maji. Mpwa wangu alikimbilia kumsaidia, lakini mama yake akamsukuma kwa kiwiko. Alitembea kwa kuyumba mpaka mbele ya mgeni, akainama, akamimina. Mkono ulitikisika. Nusu ya maji iliingia kwenye beseni, nusu juu ya viatu vya mgeni.

Shangazi aliitoa mikono yake mapajani, akaikinga juu ya beseni.

"Endelea, dada," alisema. "Mimi ni mtu wa samaki. Viatu vyangu havijawahi kukauka."

Alinawa polepole, kidole kwa kidole, kisha akampokea dada jagi na kumnawisha mwenyewe yule mzee wa lori. Mpwa wangu aliingia jikoni na kufunga mlango, tukamsikia akilia na kucheka kwa pamoja.

Kuku alikuwa amepoa. Niliagiza apashwe moto, maana katika nyumba yangu wageni hawali chakula baridi.