Fundo la Mkoba

Mdogo wangu alipotoka Lindi kuja kuishi nami Magomeni, kitu cha kwanza nilichomfundisha ni kubeba mkoba. Kariakoo, kwa jinsi vibaka walivyojaa, mkoba haukai mgongoni. Unakaa kifuani, kamba moja imepita shingoni, nyingine imezunguka kiuno na kupigwa fundo. Nilimfunga mwenyewe pale mlangoni, nikauvuta kujaribu, nikamwambia akiulegeza asije kunililia. Wateja wa duka langu la viatu huko wakawa wanamtania kwamba amebeba mtoto.

Masika yaliyopita, majirani wa dukani walipanga safari ya kupanda milima ya Uluguru, nasi tukaenda. Huko juu mvua ikatushika, ikapiga kwelikweli. Wakati wa kushuka, kijito tulichokiruka asubuhi tukicheka kilikuwa kimefura, maji yake rangi ya chai ya maziwa.

Kiongozi wetu, mwenyeji wa huko, alitaka tusubiri yapungue. Watu wa Kariakoo kusubiri hatujui, na aliyelalamika kuliko wote nilikuwa mimi. Basi akatupeleka mahali kijito kinapopanuka, maana penye wembamba maji yana nguvu zaidi. Kila mtu ashike fimbo, aelekeze uso maji yanakotoka, aburuze miguu bila kuinyanyua.

"Na mfungue mikanda ya mabegi, jamani," akasema. "Ukianguka, liache liende."

Mdogo wangu akanigeukia, mkono uko kwenye fundo la mkoba. "Dada, nifungue?"

Simu yangu ilikuwa humo.

"Ufungue simu yangu iende na maji? Acha hivyo hivyo."

Akaacha. Mimi nilitangulia, nikavuka salama. Nilipogeuka, alikuwa katikati, jiwe likabiringika chini ya mguu wake, akaenda chini. Mkoba ulijaa maji ukawa unamlaza kifudifudi. Niliona vidole vyake vikihangaika na lile fundo, na mimi nimesimama ukingoni napiga kelele tu. Kiongozi alimdaka kwenye kona, akakata kamba kwa kisu.

Nilimkumbatia, nikampigapiga mgongoni. Alitapika maji, akavuta pumzi, akaupapasa mkoba.

"Dada, simu yako niliizungushia nailoni. Haijalowa."

Kweli haikulowa. Ninayo hadi leo, na kila inapolia naona aibu.

Siku ya kurudi dukani, mdogo wangu alikuwa ameshanunua kamba mpya. Alisimama mbele yangu mlangoni, mikono kainyanyua, anasubiri nimfunge kama siku zote. Nilizungusha kamba kiunoni mwake, nikaanza fundo, vidole vikakataa kukaza.

"Kaza, dada," akaniambia. "Leo vipi? Unanifunga kama hujui Kariakoo."