Pilipili Kwenye Bakuli Langu la Idi

Nyinyi mnaoumwa kama mie, nitasema wazi. Haya yangu yote nimeshaimaliza chooni.

Kabla ya maradhi nilikuwa mlaji. Nilifanya kazi wizarani, mtaa wa Al Khuwair, na siku ya Idi tulikusanyika kwa mamkwe wangu, mtaani Wattaya. Shuwa, ile nyama inayofukiwa shimoni na bizari mpaka inaachana na mfupa, niliila nikasahau kuzungumza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tumbo likaanza kunisokota. Nikaharisha, kisha nikaharisha damu. Kazini nilikwenda chooni mara kumi na mbili kwa siku. Nikakonda hata pete ikawa inanivuka kidoleni. Daktari akanipitisha kamera, akasema, "Utumbo wako mpana umevimba na umefanya vidonda. Ugonjwa huu hauambukizi mtu. Huenda ukaishi nao maisha yako yote, lakini dawa zipo."

Akaniambia nikizidiwa nile vyepesi: wali mweupe, samaki wa kuchemsha. Pilipili na mafuta nisiguse.

Mume wangu, Nasor, alielewa siku ile ile. Dada yake mkubwa, Zuwena, hakutaka kuelewa.

Idi iliyofuata nilikwenda na bakuli langu. Wanawake wamezunguka sinia, mie nakula pembeni. Zuwena akasema kwa sauti, "Siku hizi mikono yetu ina uchafu?"

"Dada, nnaumwa."

"Unaumwa kiburi. Mama kasimama jikoni tangu jana, weye unatuletea chakula chako!"

Mamkwe alinyamaza. Nilimchukia kwa kunyamaza kule.

Mwaka wa pili nilikwenda huku damu, iliyokuwa imepungua kwa dawa, imeanza tena. Niliacha bakuli jikoni, nikaenda kusali adhuhuri. Niliporudi, tonge la kwanza tu, ulimi ukawaka moto. Pilipili. Nikainua macho, Zuwena ananitazama. Nikajua. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unanitazama pia, na niliona nikisema neno nitaambiwa nimeanza mambo yangu. Nikala mpaka mwisho. Ujinga ule ni wangu, simpi mtu.

Alasiri tumbo likanikaba kama linakamuliwa. Sikuwahi kufika chooni. Damu na haja vilinitoka juu ya zulia la mamkwe, mbele ya wageni, nikaanguka hapo hapo. Nasor alinibeba mpaka garini.

Nilitiwa damu chupa mbili, nikalazwa siku tisa. Daktari alikasirika. "Chakula hakikuleta ugonjwa huu," alisema, "lakini utumbo uliochubuka hautiwi pilipili. Nani kakupa?"

Siku ya tatu Zuwena akaja, akasimama mlangoni. "Mie nilitaka kujua tu kama kweli unaumwa."

"Umeshajua?"

Akalia. Sikumbembeleza.

Nilibadilishiwa dawa. Ilichukua miezi, uso ukafura kwa vidonge, nywele zikapukutika. Kidogo kidogo damu ikakatika, uzito ukarudi. Idi ya baadaye mamkwe alinipikia mwenyewe sufuria ndogo, akaiweka mbele ya watu wote. "Atakayeigusa hii asikanyage tena kwangu," alisema. Alichelewa, lakini alisema.

Leo ni mwaka wa sita sijaona damu. Nikiwa mzima naonja hata shuwa, kipande kimoja. Namshukuru Mwenyezi Mungu, namshukuru Nasor, na yule nesi wa hospitali aliyenisafisha siku ile bila kukunja uso.

Kwenu nasema: dawa msiache mkijiona mmepona. Siku ya Idi kuleni kwenu kwanza, au nendeni na chenu, na bakuli lisitoke mkononi. Mkihisi kitu ndani ya tonge, temeni. Temeni mbele za watu, wakasirike watakavyo. Wodini mtalala peke yenu.

Zuwena huniomba radhi kila Idi. Nimemsamehe, kwa sababu dini imeniamrisha. Chakula chake sili.