Nyimbo za Bibi Kwenye Kompyuta

Juzi kompyuta yangu ilinionya kwamba diski inakaribia kufa, nikahamisha kila kitu. Nikakumbuka mchana mmoja nyumbani Nyakato, uani kunanuka furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokuwa wakikaushwa, na kompyuta ya mama ikigonga ta, ta, ta. Humo alikuwa ameandika nyimbo za Kijita alizoimbiwa na bibi kabla hajafariki.

Maneno ya Kiingereza yakajaa kwenye skrini.

“Shemeji, inasemaje?” mama alimuuliza baba mdogo, msomi wetu.

Hata hakusogea kusoma. “Inasemaga hivyo siku zote. Bonyeza tu, iendelee.”

Mama akabonyeza. Mimi nilidhani mashine inapiga ngoma, nikacheza.

Jioni kompyuta ilizimika na nyimbo zote humo, haikuwaka tena. Miaka baadaye, tulipomzika mama, hakuna aliyeweza kuimba hata wimbo mmoja wa bibi.