Amplifaya Mbili Nyuma ya Pazia

Mume wangu ni seremala wa masanduku ya spika, na wapenda muziki wote wa hapa mtaani wanamwita Sikio. Jina hilo hakupewa bure. Akimaliza sanduku alikuwa analigonga kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, kisha anakuonyesha mahali ambapo ubao wa nyuma haujashika vizuri. Wateja walikuwa wanasubiri neno lake roho juu, kama wanangoja majibu ya hospitali.

Lakini kuna jambo nililokuwa nalijua mimi peke yangu. Mashine ya kuranda mbao imemla masikio. Miaka nenda rudi ameiwasha bila kuyaziba, mimi namgombeza, yeye ananijibu kwamba fundi lazima aisikie mashine yake. Basi akaisikia mpaka sauti nyembamba zikaanza kumpotea: kengele ya baiskeli, mluzi wa birika. Siku hizi birika nalikimbilia mimi kutoka uani, naye amekaa palepale jikoni. Sauti nzito bado anazipata, na midomo ya watu anaisoma vizuri kuliko gazeti. Kwa hiyo alikuwa amewapiga chenga wote.

Wote, maana yake hasa ni watu wawili: daktari wa meno wa barabara ya pili, na mdogo wangu, mwalimu wa hesabu. Kila Jumamosi mchana wako sebuleni kwetu wanasikiliza muziki na kubishana. Siku hizo Daktari alikuwa ameagiza amplifaya kutoka ng'ambo, moja ya yale majina ambayo wenyewe wakiyataja wanashusha sauti. Uso wake ni chuma kinene kinachong'aa, kitufe cha sauti kinazunguka kama kimepakwa siagi, na kuinyanyua ni kazi ya watu wawili. Daktari aliapa kwamba sasa anasikia hata mwimbaji anavyovuta pumzi.

"Unachosikia ni bei," Mwalimu akamwambia. "Amplifaya zikiwa nzima, zisipolazimishwa kupiga kupita uwezo wake, zote sauti moja. Hiyo umenunua sura."

"Wewe una wivu tu."

"Na wewe umeliwa, Daktari. Umeliwa na unashukuru."

Nimewasikiliza watu hawa kwa muda mrefu, na mimi nawaelewa kuliko wanavyojielewa. Utotoni Daktari alikuwa anasikiliza redio ya jirani kupitia dirisha. Kama chombo chake si bora, basi ameonekana mjinga mbele ya watu baada ya kuhangaika kote huko. Mwalimu naye hataweza kukinunua hata akistaafu mara mbili; kama kweli ni bora, basi kuna kitu amekikosa maisha yake yote. Ndiyo maana walikuwa wanafika mahali pa kukunjiana ngumi kwa sababu ya kitu cha kupigia muziki.

Wakaamua waweke pazia. Amplifaya zote mbili zikae nyuma yake, ya Daktari na ile kuukuu ya Mwalimu, zipige wimbo uleule kwenye sanduku moja la spika. Mimi nibadilishe swichi, kwa kuwa sina upande. Na wa kuamua ni Sikio.

Jumamosi ile asubuhi mume wangu alinifuata jikoni akafunga mlango.

"Ukiweka ya Daktari, tikisa pazia kidogo."

"Sitikisi kitu mimi. Waambie ukweli, yaishe."

"Yaishe vipi? Nani ataleta kazi kwa fundi wa spika aliye kiziwi? Niambie, nani?"

Nilipata hasira, nikamwacha amesimama pale, wala sikumwambia ndiyo wala hapana.

Mchana nikaingia nyuma ya pazia. Nyaya za Daktari ni nene kama mpira wa kumwagilia bustani na hazitaki kukunjwa. Upenyo wa pazia ulinionyesha kiti cha mume wangu: amekaa wima, mikono juu ya magoti, macho hayatoki kwenye kitambaa. Alikuwa ananingoja mimi. Nikaweka wimbo. Nikabadilisha mara ya kwanza, sikutikisa. Akainamisha kichwa kidogo. Nikabadilisha tena, akameza mate. Nilimwona jasho likimtoka kwenye paji la uso, nikajichukia, lakini mkono haukwenda.

Nilipogeuza swichi mara nyingine, waya mmoja mnene ulisukuma mwingine, ule unaopeleka sauti nyembamba kwenye spika ndogo ya juu, ukachomoka. Muziki ukafa nusu. Matoazi yakapotea, mwimbaji akawa kama anaimba chini ya godoro. Nikainama haraka kuuchomeka, na bega langu likagonga pazia.

"Hapo!" mume wangu akapaza sauti. "Hiyo ni ya Daktari! Sikieni sauti ilivyofunguka, sikieni matoazi hayo!"

Ilikuwa ile kuukuu ya Mwalimu. Lakini hilo halikuwa na maana tena. Niliganda na waya mkononi. Kule sebuleni wimbo uliendelea kuvuma kama kwenye pipa, na hakuna aliyejikohoza. Wote wawili walikuwa wamesikia. Wote wawili walikuwa wameelewa.

"Ndiyo," Daktari akasema mwishowe. "Ni yangu. Umeipata."

Kisha nikamsikia mdogo wangu, yule ambaye hajawahi kumkubalia mtu hata kwamba mvua inanyesha: "Kweli. Tofauti ipo. Hata mimi nimeisikia, nimeshindwa."

Mume wangu alianza kutabasamu, halafu tabasamu likaondoka. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mwalimu," akasema taratibu, "wewe? Wewe unaniambia tofauti ipo?"

Mdogo wangu akatazama sakafu.

"Tangu lini nyinyi wawili mnakubaliana?"

Akageukia pazia. "Mama watoto, toka huko. Niambie wamesikia nini."

Nikatoka. Nilisimama mbele yake ili aone midomo yangu, nikamwonyesha waya. "Spika ya juu ilizimika. Haikuwa na matoazi hata moja."

"Na wote wamesikia?"

"Wote."

"Basi leo mmeelewana," akawaambia. Akajaribu kucheka, ikashindikana, na mimi nikamshika mkono mbele ya wageni.