Kansela wa Kasimiro

Jumatatu asubuhi Agnes Keji aliitoa nyumbani dawa ya kunyunyizia nyanya, akaivusha mto hadi kwa shangazi yake. Alipoulizwa kwa nini, alisema panya wanaimwaga. Njiani akamwomba Mungu msamaha kwa uongo huo, kisha akaomba na nguvu ya kusema mwingine, kwa maana alijua hautakuwa wa mwisho.

Jana yake, baada ya misa, mdogo wake Kasimiro alikaa kizingitini akasema, "Mogga iko peke yake kule. Mimi nitamfuata." Hakulia. Alisema kama mtu anayeaga kwenda Oraba kutafuta abiria.

Mogga alikuwa kitinda mimba wao. Alikuwa akibeba karatasi za mawakala wa forodha pale mpakani Oraba, na jioni Kasimiro, mwendesha pikipiki, alikuwa akimrudisha nyumbani Lobule. Wiki tano zilizopita pikipiki iliteleza kwenye kona upande wa Kuluba, na nyuma yao kulikuwa na lori. Mogga alikufa palepale. Kasimiro alichubuka kiwiko tu. Kwenye matanga watu walimpiga bega wakimwambia, "Mungu amekubakiza hai, ana sababu yake." Kila aliposikia neno hilo, Agnes alimwona akifumba macho kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Wazazi wao walikwishatangulia. Agnes, aliyesoma hadi kidato cha nne na kuishia hapo ili wadogo zake wale, ndiye aliyekuwa mama. Aliimba kwaya, alifunga, alisali novena nzima na kuianza upya. Hata Fada alipokuja kuwaombea Jumatatu hiyo mchana, alimvuta pembeni kabla ya kuondoka.

"Sala usiache, mama. Lakini huyu mtafutie pia kansela. Mtu wa kuongea naye, aliyesomea kazi hiyo."

Agnes alilishika neno hilo kama alivyoshika rozari. Jioni ile akamweleza Kasimiro. Kijana alikoroga uji wake mpaka ukapoa.

"Mtu mmoja," akasema mwishowe. "Mara moja tu. Akinihubiria, mimi nasimama naenda. Na usinitafutie mwingine."

Basi Agnes alikuwa na mshale mmoja. Akiurusha vibaya, hana wa pili.

Jumanne alfajiri alikwenda makao ya tarafa kuuliza, kwani kuuliza si ujinga. "Natafuta kansela," akamwambia askari wa mlangoni.

"Kansela iko ndani. Una bahati, leo amekuja mapema."

Ndani alimkuta mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Alijitambulisha kwa jina la Anguyo, akamvutia kiti. Agnes aliona huruma machoni pake, na kwa kuwa alikuwa hajamweleza mtu yeyote ya moyoni tangu maziko, alifunguka. Alieleza ajali, alieleza neno la kizingitini, akalia mpaka kitambaa kikalowa. Anguyo alisikiliza, akitikisa kichwa, akiandika. Agnes alipomaliza, mwanaume alikohoa.

"Pole sana, mama yangu. Sasa, shida ni barabara? Mnataka ile kona itengenezwe?"

"Kona?"

"Au ni mpaka wa shamba la marehemu?"

Agnes alimtazama, akatazama ukutani. Palikuwa na bango la kampeni, uso ni uleule, na chini yake limeandikwa: Mchague Anguyo awe Kansela wenu.

"Wewe ni kansela wa nini, mheshimiwa?"

"Wa kura, mama! Wa baraza." Akacheka kidogo, kisha akaona aibu. "Wale wengine, wa kutuliza watu, nao wanaitwa hivyo hivyo. Lakini usijali. Nitawaita wazee wa ukoo, tumkalishe kijana katikati, tuzungumze naye."

"Hapana! Usimwite, nakuomba. Usimwambie mtu."

"Mdomo wangu umefungwa," Anguyo akasema, mkono kifuani. Lakini mdomo huohuo ndio uliompatia kura.

Jumatano mchana Kasimiro alirudi nyumbani na pikipiki ikiwa imezimwa, akiisukuma. Mzee mmoja wa ukoo alikuwa amemsimamisha sokoni mbele ya watu: Tumesikia una mawazo mabaya, kijana, unataka kutuletea laana?

"Umeniuza, dada," akasema.

"Nilikosea mlango, Kasimiro. Wallahi..." Agnes akajikuta ameapa kama jirani zao Waislamu. "Nilikosea mlango tu."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Baada ya Ijumaa hiyo maneno ya kansela nisisikie tena." Hakugusa chakula. Hakugusa hata chai.

Alhamisi Agnes alimwomba shangazi aje uani kupura maharage, maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kupurwa juzi. Shangazi aliyatazama, akamtazama Agnes, akayarudisha kwenye kipande cha turubai akaanza kuyapiga upya kwa fimbo. Kasimiro alikuwa ndani, amelala akielekea ukuta. Agnes, akijua sasa nyumbani kuna macho, akaondoka mbio kwenda kituo cha afya mjini Koboko.

Pale aliuliza tena, sasa kwa uangalifu: kansela wa hospitali. Akaonyeshwa benchi refu. Akakaa. Mwanamke mnene mwenye hijabu ya kijani, mfanyabiashara wa samaki wakavu kwa harufu yake, akasogea kumpisha.

"Kadi yako iko wapi, dada?"

"Kadi gani?"

"Ya vidonge."

"Mimi sina vidonge. Nimekuja kuona kansela."

Yule mwanamke alimpima juu mpaka chini, akainama sikioni. "Hii benchi iko ya virusi. Kansela wa hapa ni wa virusi. Kama huna, shuka haraka, kabla mtu wa kanisa lako hajapita akakuona. Koboko hii! Kesho utasikia umezikwa."

Agnes alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Mwanamke akamshika mkono akamtoa nje, akamnunulia maji. Jina lake lilikuwa Hadijah. Alipoelezwa, aliiweka sawa hijabu yake.

"Mimi nilipozika mtoto wangu, nilikaa miezi mitatu siuzi kitu. Kuna kijana Arua, Okuonzi. Amesomea. Hakuniambia Mungu amependa. Aliniuliza mtoto alikuwa anapenda kula nini." Akatoa simu, akamtajia namba. "Lakini nenda umwone wewe kwanza. Hata ng'ombe wa mahari tunamwangalia meno kabla hajaingia boma."

Saa nane mchana Agnes alikuwa Arua, mbele ya Okuonzi, kijana mpole mwenye miwani na faili nyingi. Alimuuliza maswali yote aliyokuwa ameyaandika nyuma ya kitabu cha nyimbo. Siri inakaa wapi? Utamhubiria? Akisema anataka kufa, utamwita polisi? Okuonzi alijibu moja baada ya jingine bila kuharakisha, na moyo wa Agnes ulianza kushuka mahali pake. Kisha ikafika zamu ya Okuonzi kuuliza.

"Yeye ataongea lugha gani?"

"Kikakwa. Kiingereza chake kiliishia darasa la sita. Kilugbara cha sokoni tu."

Okuonzi akavua miwani. "Mimi nina Kilugbara na Kiingereza. Kiswahili hiki ninachokuzungumzisha ni cha kubahatisha, kwa mambo ya ndani hakitoshi. Huwa naweka mkalimani. Yupo dada mmoja, mwaminifu sana. Kwao ni Lobule."

Agnes aliliona jambo lote: kila neno la Kasimiro likipita mdomoni mwa mtu wa Lobule. "Hapana," akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Afadhali nisimlete." Na alipofikiri kwamba kesho ni Ijumaa, alikifumba kile kitabu cha nyimbo.

Okuonzi hakuikasirikia ile hapana. "Basi mimi simfai," akasema. "Huyo ni mtu wa barabara, sivyo? Kiswahili anakijua?"

"Kuliko wote. Wa barabara ya Oraba wote ni Kiswahili."

"Kuna mama Mkongo hapa Arua, mama Sidonie. Alikuwa muuguzi kwao, akaja akasomea kazi hii. Ngoja nimpigie."

Ijumaa asubuhi Agnes na Kasimiro walifika Arua. Njiani, kila dereva alipolipita gari jingine, Kasimiro alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Chumba cha mama Sidonie kilikuwa nyuma ya karakana ya akina mama washonaji wa kanisa, kimetengwa kwa pazia na mlango wa mbao nyembamba. Alitoka kuwapokea, mfupi, kitenge kimefungwa kiunoni, miguu imevaa malapa.

"Karibu, ndugu. Mi niko hapa ya kusikiliza mutu. Sina kazi ingine."

Kasimiro alimtazama. "Hiyo Kiswahili gani, mama?"

"Ya Ariwara, kwetu Kongo. Na yako?"

"Ya Oraba. Ya malori."

"Basi zote mbili ziko na vumbi. Ingia."

Mlango ukafungwa. Agnes akabaki kwenye benchi katikati ya cherehani sita, rozari mkononi. Alitega sikio, akasikia cherehani tu.

"Usijisumbue, mama," akasema mshonaji wa karibu, bila kuinua uso. "Hapa hatusikii na wewe husikii. Akilia mtu, sisi tunakanyaga zaidi. Ndiyo kazi yetu ya pili."

Agnes alisali fumbo la kwanza, akapotea katika la pili. Saa nzima ikapita. Mara mshonaji mmoja aliyekaa karibu na ule mlango akainua kidole, na cherehani zote sita zikaongeza mwendo kwa pamoja, zikanguruma hata benchi likatetemeka. Wawili hawakuwa hata na nguo chini ya sindano. Walikuwa wanashona hewa. Agnes akajua mdogo wake analia mle ndani, mdogo wake ambaye hata kaburini hakulia. Alishika ukingo wa benchi. Hakujua amshukuru Mungu au avunje mlango.

Cherehani zilipopungua, mama Sidonie alimwita.

Kasimiro alikuwa ameketi mbele kabisa ya kiti, macho mekundu. "Kuna kitu anataka akuambie," mama Sidonie akasema. "Nimemuuliza kama anaweza mwenyewe. Anasema anaweza, lakini kwa Kiswahili."

"Kwa Kikakwa siwezi," Kasimiro akasema. "Kikakwa nikisema, ni kama niko matanga, wazee wote wanasikia, mama anasikia kule aliko. Kiswahili si ya mtu." Akameza mate. "Dada, siku ile Mogga aliniambia pole pole. Mara mbili. Aliniambia, kaka, pole pole. Mimi nilicheka. Nilimwambia wewe muoga kama mwanamke. Nikaongeza."

Ndani ya kifua cha Agnes kitu kiliinuka, na hakikuwa huruma. Kilikuwa hasira, ya moto, iliyomfanya atake kumpiga yule kijana kofi mbele ya mgeni. Alimwona Mogga nyuma ya pikipiki, karatasi zake kifuani, akiomba. Alifungua mdomo.

"Usimjibu leo," mama Sidonie akasema haraka, akamwekea mkono gotini. "Si leo. Leo umesikia, inatosha. Una haki yako ya kukasirika, tutaipatia siku yake." Kisha akamgeukia Kasimiro na kumuuliza wazi, kama anayeuliza umekula nini: "Ile ya kumfuata Mogga. Ingali kichwani?"

"Iko. Usiku sana. Asubuhi inapungua."

"Nani atakuwa na wewe usiku?"

Mogga, aliyelala naye kitanda kwa kitanda, ndiye aliyeondoka. Wakafikiri. Binamu yao Mindra alikuwa na nyumba hapahapa Arua, watoto wengi, na kelele mpaka saa nne. Wakampigia, akasema aje sasa hivi, godoro lipo. Mama Sidonie akasema mchana huohuo atampeleka yeye mwenyewe kwa daktari anayemfahamu, kwa ajili ya usingizi, na kwamba Jumatatu atamngoja hapa.

Agnes hakuthubutu kumwangalia mdogo wake. Mara moja tu, alikuwa amesema.

"Saa ngapi Jumatatu?" Kasimiro akauliza.

"Saa tatu."

"Sawa."

Agnes alirudi Lobule peke yake, maana kuku na shangazi walikuwa wanangoja. Njia nzima alibishana na Mungu. Alimwambia kwamba hawezi kumsamehe Kasimiro leo, na kwamba Mungu akimchukua kijana kabla yeye hajaweza kumsamehe, basi hatajua tena jinsi ya kuimba. Hakusikia jibu. Alikumbuka kwamba amemwacha kijana aliye hatarini mikononi mwa mama aliyemwona kwa saa mbili, na nusura amwombe dereva ageuze gari.

Jua lilikuwa likizama simu ilipolia. Namba ya Mindra. Akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Dada?" Ilikuwa sauti ya Kasimiro, na nyuma yake watoto wakigombania kitu. "Umefika?"

Tangu maziko hakuwa amemuuliza dada yake jambo lolote.

"Nimefika."

"Dereva aliendesha aje?"

Agnes aliutazama uwanja, na shangazi akikusanya yale maharage. Hasira ilikuwa bado imekaa pale pale kifuani. Aliisukuma pembeni kidogo, kiasi cha neno kupita.

"Aliendesha vizuri. Umekula?"

"Mindra anapakua."

"Kula. Na usikae peke yako."

"Ndiyo, dada."

Simu ikakatika. Agnes akaendelea kuishikilia mpaka kioo kikazima. Jumatatu ilikuwa siku tatu mbele. Akapiga ishara ya msalaba, akaanza kuuombea usiku wa kwanza.